Kato la Unyevu

Saa moja na nusu ya asubuhi, kama kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mitatu, Florentine Kavuo alipangusa mzani wa depo kwa kitambaa kikavu, akaupandishia mawe matatu ya chuma ya kilo ishirini ishirini, akangoja mshale utulie. Ulitulia kwenye sitini. Akayashusha mawe, mshale ukarudi kwenye sufuri. Aliandika tarehe na saa, akatia sahihi, akamwambia Ananie, mkubwa wa wapagazi, kwamba mzani uko sawa na magunia yanaweza kuletwa.

Depo hiyo ilikuwa Butembo, nyuma ya soko, mali ya mzee Syauswa. Upande wa kushoto zilipangwa bidhaa za Asia: vitenge, betri, thermos, pikipiki zilizokuja vipande vipande ndani ya makasha. Upande wa kulia ilikaa kakao ya Beni ikingoja kwenda ng'ambo. Mzani ulikuwa katikati, na hakuna kilichoingia au kutoka bila kupita mbele ya Florentine. Kwenye ukuta nyuma yake watu walikuwa wameandika uzito wao kwa makaa, kwa maana hakuna aliyewahi kuingia depo bila kutaka kujipima. Mzee Syauswa aliuacha ukuta huo uchafuke mwaka mzima, akaupaka chokaa kila mwezi wa kwanza.

Gunia la kwanza lilionyesha kilo mia moja ishirini na nne. Gunia la kakao halizidi sitini na tatu. Florentine hakuukagua mzani tena, kwa kuwa alikuwa ametoka kuukagua. Juu ya gunia alikaa mwanaume wa makamo mwenye buti moja la mpira. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, na matope ya mashamba ya Mbau, upande wa Beni, yalikuwa yamemkaukia hadi magotini. Ananie alimwomba ainue mguu ili namba ya gunia ionekane. Akauinua.

"Kata makumi sita na moya," Ananie alisema.

Florentine alikata, akaandika sitini na tatu.

Jambo hilo lilikuwa limeanza na mvua za mwezi wa tatu. Magunia yaliyotoka kwenye mashamba ambayo wenyewe hawakurudi nyumbani yalifika pamoja na wenyewe. Wapagazi ndio waliolalamika kwanza, kwa sababu ya migongo, na mzee Syauswa akakubali gunia la namna hiyo libebwe na watu wawili. Kuhusu magunia yenyewe hakukuwa na la kuuliza. Yaliletwa na mnunuzi aliyenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na Butembo hakuna anayefuata njia ya gunia kupita jina la pili. Lakini kuhusu uzito mzee Syauswa, ambaye ni mzee wa kanisa na hajawahi kumpunja mtu hata nusu kilo, alitoa amri iliyo wazi. "Mutu hapana kakao," alimwambia Florentine. "Mi niko nauzisha kakao. Andika kakao tu."

Florentine hakuona kosa katika hoja hiyo. Kazi ya mpimaji ni kukata. Anakata kilo moja ya gunia lenyewe, anakata mawe na maganda, anakata unyevu, kwa kuwa kakao isiyokauka hubeba maji na maji si kakao. Sasa alikata na mtu pia. Alikata kwa uangalifu, hakumzidishia wala kumpunguzia yeyote, na karatasi zilizofuatana na magunia hadi baharini zilibeba uzito safi. Alifanya hivyo kwa majuma kumi na sita. Wale waliokaa juu ya magunia hawakumsumbua. Walikaa wima, mikono magotini, kama watu wanaongoja zamu yao hospitalini.

Mwezi wa saba alifika Malachie. Alikuwa kijana wa Kasugho aliyesoma uchumi mbali sana, na sasa alitumwa na taasisi moja ya Ulaya iliyopima pengo la biashara kati ya Ulaya na Asia. Alikaa kwenye kasha la pikipiki, akamweleza Florentine kazi hiyo kwa utulivu. Kila kitu ambacho Asia inaiuzia Ulaya huandikwa mara mbili, alisema, mara moja kule kinakotoka na mara moja kule kinakofika. Madaftari hayo mawili yangepaswa kufanana kama uso na kioo. Hayafanani. Taasisi ilikuwa imelikata pengo lote katika mistari elfu kadhaa midogo, na kila mstari umepewa mtu wa kuufuata hadi kwenye mzani wake wa kwanza. Mstari wa Malachie ulikuwa kakao. Kakao ya Beni hupelekwa Malaysia, hukaa ghalani, na nyingine huuzwa tena Ulaya bila hata kufunguliwa. Malaysia iliandika uzito ulio kwenye karatasi. Ulaya ilipima upya kwa mashine, kasha zima kwa mara moja, pasipo mtu kuchungulia ndani. Ulaya ilipata zaidi.

"Kwa robo moja tu ya mwaka tuna kasoro ya kilo elfu kumi na nane, mia sita na arobaini," alisema.

"Hapana kasoro," Florentine alimjibu. "Ni batu."

Malachie aliuliza wangapi. Florentine alichukua wastani wa kilo sitini, kwa kuwa wakulima wa huko si wanene, akagawa kwenye kipande cha karatasi. Walikuwa mia tatu na kumi, na mmoja wa kilo arobaini. Kwa majuma kumi na sita alikuwa amekata gunia moja baada ya jingine, na hakuwahi kujumlisha, kwa sababu makato hayajumlishwi. Malachie aliandika kwenye kompyuta yake: 310.67.

Hakushangaa. Alisema tu kwamba sababu ya tofauti ikishapimwa ipasavyo itaingia kwenye ripoti, na akamwomba apime kwa siku kumi, gunia kwa gunia, aonyeshe uzito wote, uzito wa kakao, na sababu ya tofauti. Florentine aliuliza kama ripoti itakuwa na muhuri. Malachie alisema itakuwa na muhuri na sahihi tatu.

Florentine alikuwa na haja ya muhuri. Kaka yake, Ézéchiel Mumbere, alitoka nyumbani kwake Beni, sehemu ya mji iitwayo komine ya Ruwenzori, tarehe nne ya mwezi wa tano, akaenda kuvuna kakao upande wa Mbau. Hakuonekana tena. Mkewe, Gracieuse, alienda kwa chifu wa mtaa mara tano. Kila mara chifu alimjibu kwa upole kwamba bila maiti, au bila karatasi yenye muhuri, mume wake ni mtu aliye safarini. Mke wa mtu aliye safarini haketi matanga. Tena hawezi kudai shamba, na shamba la Mumbere lilikuwa tayari linavunwa na watu ambao Gracieuse hakuwajua. Mara ya tano chifu aliongeza kwamba mwanamke anayeharakisha kumwua mume wake kwa mdomo hujiletea maneno ya watu.

Kwa hiyo Florentine alilipiga mistari daftari jipya. Taasisi haikuomba majina. Aliyaweka, kwa maana aliulizwa sababu ya kila tofauti, na kila sababu ilikuwa na jina. Aliuliza moja kwa moja: jina, kijiji, siku. Walijibu bila haraka. Mmoja alimrekebishia tahajia ya jina la baba yake. Mwanamke wa Vuhovi, aliyekuwa ameolewa upande wa Oicha, aliomba iandikwe kwamba gunia lile lilikuwa la kwake na si la bwana wake, na Florentine akaandika hivyo.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, wapagazi wawili waliweka mzanini gunia lililofungwa shingo kwa utepe wa kitenge cha manjano chenye samaki. Watu wa kakao hufunga magunia yao hivyo, kila nyumba na kitambaa chake, ili mtu alitambue la kwake katika ghala la wenzake. Kitenge cha manjano chenye samaki kilikuwa cha harusi ya Gracieuse. Fundo lilikuwa la mama yao, la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini.

Mumbere alikaa juu ya gunia. Nywele zilikuwa zimeota hadi masikioni.

"Yaya," Florentine alisema, kama alivyomwita kaka yake mkubwa tangu utoto.

"Ni mie. Hapana lia mbele ya bapagazi. Pima."

Alipima. Kilo mia moja ishirini na moja. Gunia lilikuwa sitini na tatu. Aligeuka akatazama ukutani, chini kidogo ya jina la Ananie, pale kaka yake alipojiandika mwenyewe mwezi wa kwanza, chokaa ikiwa bado mbichi, siku aliyokuja kwa ajili ya mkutano wa waimbaji wa kanisa: Ézéchiel, 71. Siku ile alikuwa amevaa viatu vya Jumapili, na wapagazi walimtania kwamba amepima viatu.

Florentine alichukua jiwe moja la kilo ishirini, akaliweka juu ya gunia, karibu na goti la kaka yake. Mshale ulikwenda kwenye mia moja arobaini na moja. Mzani ulikuwa sawa. Alilishusha jiwe. Lilimponyoka, likaanguka sakafuni, jambo ambalo halijawahi kutokea depo. Wapagazi walisimama. Viatu havina kilo kumi na tatu.

"Ulikaa kule siku ngapi?" aliuliza.

"Makumi ine na moya. Tulikuwa nabeba kakao. Yangu, ya majirani, ya batu sijue. Bale balitukamata balisema tukimaliza kuibeba batatuacha turudi."

"Na?"

"Tulimaliza."

Florentine alihesabu. Tarehe nne ya mwezi wa tano na siku arobaini na moja ni tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Hadi asubuhi ile aliamini kwamba kaka yake alikufa siku aliyoondoka, na mawazo yake yote tangu hapo aliyapanga juu ya tarehe hiyo. Alifungua daftari la zamani. Mwezi wa tano na nusu ya mwezi wa sita alipima magunia mia mbili na kumi na mawili yenye watu, yaliyotoka upande uleule. Mgongo wa Mumbere ulikuwa umebeba baadhi yake. Waliokaa juu yake walijua yalipotoka, nani aliyabeba, njia ipi, na nani alikuwa bado hai. Walikaa mbele yake, hatua mbili kutoka kwenye kalamu yake. Walichoombwa ni kuinua miguu tu.

"Ulikuwa muzima," alisema. "Bale ba kwanza balipita hapa, na wewe ulikuwa muzima. Ningebauliza."

"Ungebauliza, ndiyo," Mumbere alisema. "Ungeandika wapi?"

Florentine aliitazama karatasi ya mzani. Ilikuwa na sehemu ya gunia, ya mawe, ya maganda na ya unyevu.

Alimwomba ashuke. Alimwambia kwamba Gracieuse yuko Beni, kwamba teksi huondoka kila baada ya saa moja, kwamba wangeweza kufika kwa chifu kabla hajafunga ofisi. Mumbere alisema hawezi. Hiyo kakao hakumwuzia mtu, alisema, kwa hiyo bado ni ya kwake, na mali yake ikitembea yeye yuko anaifuata. Aliuliza inaenda wapi. Florentine alimsomea karatasi: Kasindi, Kampala, Mombasa, Malaysia, Uholanzi.

"Kule mwisho kuko baridi?"

Florentine alisema kuna baridi. Alivua sweta yake ya kazini, ya kijivu, akaipima kwanza kwenye mzani mdogo wa vanila. Ilikuwa gramu mia nne. Mumbere aliivaa. Ilimbana mabegani, lakini si sana. Florentine aliandika kwenye daftari jipya: gunia, kilo 63, Ézéchiel Mumbere, wa Beni, kilo 58, sweta, kilo 0.4. Alasiri lori liliondoka. Mumbere alikaa nyuma pamoja na wengine kumi na wanane, ameinua shingo ya sweta, akitazama mbele.

Daftari lilikwenda na Malachie, likiwa na majina mia moja na tisa. Ripoti ilifika mwezi wa kumi na moja, kurasa mia mbili, karatasi nzuri nzito, muhuri wa buluu na sahihi tatu. Florentine aliisoma yote, kwa kamusi, kwa siku mbili. Pengo kati ya Ulaya na Asia lilielezwa kwa michoro. Kakao ilikuwa ukurasa wa mia moja na arobaini, mstari mmoja. Tofauti iliyosalia: sufuri. Sababu: unyevu.

Alimpigia Malachie. Malachie alifurahi kumsikia, akamwambia kwamba mstari wao ndio pekee katika ripoti nzima uliofungwa bila hata kilo kubaki, na kwamba wakubwa wake waliisifu kazi ya Butembo. Kuhusu majina alieleza vizuri. Jedwali la kimataifa lina sababu saba tu, na ile iliyo karibu zaidi na kitu kilichomo ndani ya mzigo lakini si mzigo ni unyevu. Isitoshe, sheria ya kulinda habari za watu inataka kila anayetajwa kwa jina atie sahihi ya kukubali.

"Batu biko kwenu kule," Florentine alisema. "Biko na mikono ya kutia sahihi. Mubaulize."

Malachie alisema ghala liko mji mwingine, na idara ya ghala si idara yake.

Siku iliyofuata Florentine alipanda teksi hadi Beni na ripoti ndani ya mfuko wa plastiki. Gracieuse alikuwa tayari anajua yote, hata uzito na sweta; walikwenda pamoja kwa chifu. Chifu aliuchunguza muhuri kwa muda mrefu, akaupitishia kidole, akasema ni muhuri wa kweli. Kisha akasoma ukurasa wa mia moja na arobaini, mstari wote.

"Hapa hakuna mutu alikufa," alisema. "Hapa kuna kakao ililowana."

Alimrudishia Gracieuse ripoti kwa mikono miwili, kwa heshima.

Nje walikaa kwenye ngazi za ofisi. Gracieuse hakulia. Aliuliza kama katika kitabu kikubwa namna ile hakuna mahali pengine palipoandikwa kitu. Florentine alisema kuna orodha ya nyuma, ya namba tupu. Gracieuse akamwambia asome. Alitafuta namba ya gunia kwa kidole, mistari mingi, hadi akaipata. Gunia lilikuwa limefika Uholanzi tarehe thelathini ya mwezi wa tisa, likapimwa na mashine.

"Alifika," Florentine alisema.

"Kilo ngapi?"

"Unyevu: makumi tano na munane, na gramu mia ine."

Gracieuse alitoa hamsini na nane, zikabaki gramu mia nne.

"Sweta anayo bado," alisema.

Jioni ile Gracieuse aliketi chini, kuanza matanga, nyumbani kwake, akavua viatu na kufungua nywele. Majirani walimwona. Wawili walikuja na mkeka, wengine walibaki mlangoni, kwa kuwa chifu alikuwa hajasema kwamba kuna kifo. Shamba la upande wa Mbau lilivunwa tena mwezi wa kumi na mbili, na wale wale.

Jumatatu moja ya mwezi huohuo, saa moja na nusu, Florentine alipangusa mzani. Mawe matatu, sitini. Bila mawe, sufuri. Mzee Syauswa alikuwa amepokea fomu mpya kutoka ng'ambo, zilizopigwa chapa tayari, na ndani yake sehemu ya unyevu ilikuwa imepanuliwa ili ipokee tarakimu tatu. Alizisifu. Alisema sasa kazi itakwenda haraka.

Gunia la kwanza lilikuwa la kilo mia moja na mbili. Juu yake alikaa msichana, miguu yake haikufika chini. Aliuinua mguu kabla ya kuombwa, akaonyesha namba.

"Kata makumi ine," Ananie alisema.

Florentine alimwuliza msichana jina, kijiji na siku. Alijibu moja baada ya jingine. Aliuliza pia nani bado ni mzima kule, na wangapi, na msichana akamwambia. Kwenye fomu aliandika: unyevu, 40. Kisha akachukua kipande cha makaa, akageukia ukuta, akayaandika mengine yote hapo, chini ya jina la Ananie na la Ézéchiel, kwa herufi ndogo ili yaenee.

Ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi wa kumi na mbili. Ndoo za chokaa ya mwezi wa kwanza zilikuwa zimeshaletwa, zimepangwa kando ya mlango.